Anayesifu Kipodozi ni Shahidi, na Shahidi Ataulizwa

SIFA zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola Mlezi wa viumbe vyote, aliyemuumba mwanadamu na kumtengeneza sura yake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, masahaba zake na wote waliowafuata kwa wema.

Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu, Ijumaa ya leo tumekusudia kulizungumzia jambo ambalo wengi hudhani ni dogo na ni la wanawake peke yao. Nalo ni vipodozi: kiasi cha kujipamba, na namna bidhaa hizo zinavyosifiwa mbele ya watu kabla hazijafika usoni mwa mtumiaji.

Hapa kwetu Mikindani na Mtwara mjini, na katika vijiji vya mwambao hadi Msimbati na mdomo wa mto Ruvuma, fedha za korosho zikishalipwa harusi hufuatana, na mjadala huu hufuatana nazo. Wako wanaotaka bibi harusi apambwe kwa urembo mwepesi, uso uonekane kama ulivyo. Wako wanaotaka urembo mzito: mdomo mwekundu, kope za bandia na wanja uliokolea. Kina mama hutuuliza ni upi kati ya hiyo miwili ulio wa Kiislamu, nao hutarajia jibu la neno moja. Swali hilo lina mahali pake na tutalijibu. Lakini kwa maoni yetu limetangulizwa mbele ya swali lililo kubwa zaidi: ni nani anayemwambia binti kwamba kitu hiki ni kizuri na ni salama, na ushahidi wake ni upi?

Pambo lina mahali pake

Kwanza tuweke msingi. Uislamu haukuja kumvua mwanamke pambo lake. Katika Suratul Aaraf, aya ya 32, Mwenyezi Mungu anawakemea wanaojiharamishia mapambo aliyowatolea waja wake. Katika Suratun Nur, aya ya 31, wanawake waumini wanaamrishwa kuyahifadhi mapambo yao isipokuwa yale yanayodhihirika, kisha wanatajwa watu ambao hakuna ubaya kuyaona, akiwamo mume. Masahaba wenyewe walitofautiana katika kufasiri hayo yanayodhihirika. Ibn Masoud (R.A.) aliona kuwa ni nguo za nje, na Ibn Abbas (R.A.) amepokewa akitaja wanja na pete.

Kutokana na msingi huo tunasema kwamba mwanamke akiwa na mumewe, au katika ukumbi wa wanawake watupu, ana nafasi pana, ajipake kidogo au ajipake sana. Mbele ya wasio maharimu zake, hadhari ndiyo inayotakiwa, na pambo la kuvuta macho ya watu halifai, liwe limetoka katika kopo la bei kubwa au la bei ndogo.

Iko pia mipaka isiyotegemea mahali. Katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Ibn Masoud, wamelaaniwa wenye kuchanja ngozi na kutia rangi, wenye kunyofoa nyusi na wenye kuchonga meno kwa ajili ya urembo. Habari hiyo ilimfikia bibi mmoja wa Bani Asad aitwaye Ummu Yaakub, naye akaenda kumhoji Ibn Masoud. Hakuishia kwenye maneno. Alidai kuwa huenda hata mke wa sahaba huyo anayafanya hayo, akaambiwa aingie ndani akaangalie. Akaingia, akaangalia, hakuona kitu. Tunawaomba wasomaji wamkumbuke bibi huyu, kwani tutamrejea.

Sisi watu wa kusini tunaujua urembo mzito tangu kabla lipstiki haijafika. Bibi zetu wa Kimakonde walichanjwa nembo usoni na kuvaa ndonya katika mdomo wa juu, na katika zama zao huo ndio uliokuwa uzuri. Sheria yetu haikubali kuchanja ngozi kwa ajili ya pambo. Lakini ajuza aliyechanjwa akiwa mtoto hana lawama katika jambo asilolichagua, na kijana anayemcheka afahamu kuwa yeye ndiye mwenye dhambi.

Wepesi unaoficha na uzito unaoonekana

Mdomo uliopakwa rangi nyekundu hujulikana na kila mtu kuwa umepakwa rangi. Hakuna anayehadaika. Urembo unaoitwa wa asili, kinyume chake, huweza kuchukua saa nzima: krimu ya kulainisha, krimu ya kuficha madoa, faundesheni ya kusawazisha rangi, poda, wino wa nyusi na rangi ya mashavu, kisha kazi yote hiyo husifiwa kwa kuwa haionekani. Hatusemi kuwa ni haramu. Tunasema kuwa wepesi wa urembo si dalili ya ukweli, wala uzito wake si dalili ya uongo. Wanachuoni wana neno tadlisi, yaani kuificha aibu ya kitu au kukionyesha kuwa bora kuliko kilivyo, na tadlisi huweza kuingia katika uso mwepesi kuliko mzito, hasa pale picha hiyo inapopelekwa kwa mposaji.

Neno "asili" lenyewe limekuwa biashara. Tunavyo vitu vya asili na tunajivunia: liwa iliyosagwa juu ya jiwe la msio, singo ya bibi harusi, hina ya majani. Ng'ambo ya Ruvuma, kule Msumbiji, wanawake wa Kimakua hupaka usoni msiro, uji mweupe wa mti, na wageni huupiga picha kwa mshangao. Vitu hivi vimejaribiwa na vizazi. Hata hivyo, si kila kinachovaa jina lao kina sifa zao.

Tuchukue hina. Majani halisi ya hina hutoa rangi ya machungwa hadi kahawia nyekundu, wala hayatoi rangi nyeusi tii. Weusi wa piko hutokana na rangi ya nywele yenye kemikali ifahamikayo kwa herufi PPD. Sheria za Ulaya huiruhusu kwa nywele tu, kwa kiwango kisichozidi asilimia 2 inapopakwa, na haziruhusu ipakwe juu ya ngozi. Wako walioivaa kwa siku moja ya furaha, wakabaki na malengelenge na makovu yenye umbo la ua lilelile walilochorwa. Na mtu akishapata mzio wake, huenda asiweze kutumia rangi ya nywele tena maisha yake yote.

Tuchukue na wanja. Mtume (S.A.W.) aliusifu ithmid, na hilo limethibiti katika vitabu vya hadithi. Lakini wanja mwingi unaouzwa leo umetengenezwa kwa jiwe jeusi lenye madini ya risasi, na vipimo vya maabara katika nchi mbalimbali vimeikuta risasi hiyo kwa wingi. Marekani hairuhusu wanja wa namna hiyo kuuzwa kama kipodozi. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na sisi watu wa pwani tuna ada ya kuwapaka watoto wachanga wanja kwenye nyusi na paji la uso. Muuzaji anayesema kuwa wanja wake ni wa Sunna ametaja jina la ithmid tu. Hajatuambia ndani ya kichupa mna nini.

Kusifu bidhaa ni kutoa ushahidi

Zamani binti alipofunzwa kujipamba, aliyemfunza alikuwa somo yake au kungwi. Mama huyo alijulikana. Alikuwa amekitumia kile alichokisifu, na kikimdhuru mwari, nyumba yake ilikuwa mtaa wa pili, na wazazi walijua mlango wa kubisha. Leo anayesifu ni sura katika simu. Hajulikani anakaa wapi, hajulikani ameitumia bidhaa kwa siku ngapi, wala hajulikani amelipwa na nani. Maneno yake huwafikia watu wengi kuliko waliofikiwa na makungwi wote wa Mikindani tangu mji huu uwepo.

Fiqhi yetu haikuacha pengo hapa. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, katika kitabu chake Minhaj ambacho wanafunzi wa Kishafii wa mwambao huu wamekisoma kwa vizazi, ameshurutisha kuwa shahidi asiwe mtu wa kutuhumiwa, na akaeleza kuwa tuhuma ni shahidi kujivutia manufaa au kujikinga na madhara kwa ushahidi wake. Anayelipwa ili asifu krimu amejivutia manufaa. Hata akisema kweli, ushahidi wake haukamiliki mpaka aeleze malipo yake, ili msikilizaji ajue uzito wa kuupa.

Ikiwa anasifu asichokijua, au anajifanya mteja ilhali ni mtu wa muuzaji, hapo ameingia katika najshi. Mtume (S.A.W.) ameikataza najshi katika hadithi ya Ibn Umar iliyo katika Bukhari na Muslim. Asili yake ni mtu kupandisha bei mnadani bila nia ya kununua ili amvute mwingine, na wanachuoni wameingiza humo kuisifu bidhaa kwa sifa isiyokuwa nayo ili inunuliwe.

Na yule anayeonyesha ngozi iliyolainishwa kwa filta ya simu, kisha akadai kuwa ni kazi ya krimu, ana mfano wake wa zamani. Wauzaji wa mifugo walikuwa wakimwacha ngamia au kondoo bila kumkama kwa siku kadhaa, ili chuchu zijae na mnunuzi adhani kuwa ana maziwa mengi. Mtume alilikataza hilo, na akampa mnunuzi hiari ya kumrudisha mnyama pamoja na pishi ya tende. Tofauti ni kwamba kondoo hurudishwa, na ngozi iliyoungua hairudishwi.

Sheria za kidunia nazo zimeanza kufika hapo. Februari 2021 chombo kinachosimamia matangazo nchini Uingereza kiliamua kuwa filta zisitumike katika matangazo ya vipodozi pale zinapotia chumvi matokeo ya bidhaa. Mwaka 2024 Marekani ilipitisha kanuni ya kukataza maoni bandia ya wateja, na malipo yanayotolewa kwa sharti kwamba mteja asifu. Kwetu Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kuwapotosha walaji katika biashara. Mlango huo upo, ila wachache wetu hubisha hodi.

Mfano wa uchunguzi ulio mwema

Isidhaniwe kuwa tunachukia watu kuzijaribu bidhaa na kuwaeleza wenzao. Kinyume chake, hiyo ni nasaha, na nasaha ni katika dini. Mwaka 2012 zilienea habari za rangi ya kucha ya kampuni ya Inglot ya Poland, iliyodaiwa kupitisha hewa na unyevu. Wanawake wa Kiislamu wakauliza kama udhu unasihi nayo, kwani maji yanatakiwa yafike kwenye kucha. Huko California, Marekani, mwanafunzi wa mwalimu mmoja wa dini aliipaka rangi hiyo juu ya karatasi ya kuchujia kahawa, akapaka na rangi ya kawaida kwa ajili ya kulinganisha, akadondosha maji na kubonyeza. Katika rangi ya Inglot maji yalipenya hadi karatasi ya chini, na katika ile ya kawaida hayakupenya.

Huo ndio uchunguzi. Alionyesha alichokifanya, akaweka kitu cha kulinganisha nacho, na akamwachia kila mtu nafasi ya kurudia jaribio lake au kulipinga. Mtu anaweza kusema kuwa karatasi si ukucha, na kwamba maji ya udhu hayabonyezwi namna ile. Sisi kwa sababu hiyo tunashauri hadhari: mwenye rangi ya kucha aiondoe kabla ya kutawadha. Lakini hata anayetupinga, na sisi tunaompinga, tunabishana juu ya jambo lililoonekana kwa macho. Ni njia ile ile ya Ummu Yaakub, ambaye hakuridhika mpaka alipoingia na kuangalia.

Pana kasoro nyingine ambayo wanafunzi wa usuli huiita kiyasi maal fariki, yaani kupima kitu kwa kisichofanana nacho. Binti wa Mikindani huambiwa kuwa poda fulani hukaa siku nzima, na aliyeijaribu yuko katika nchi ya baridi, na ngozi yake ni nyeupe. Kwetu jua na unyevu wa bahari ni vingine, jasho ni jingine, na rangi ya ngozi ni nyingine. Kwa miaka mingi faundesheni nyingi zilitengenezwa kwa ajili ya ngozi nyeupe. Ilipofika mwaka 2017 kampuni ya Fenty Beauty ikaanza na rangi 40 kwa pamoja, jambo hilo likawa habari ya dunia, na hilo peke yake linaonyesha ni watu wangapi walikuwa wamesahauliwa. Ndiyo sababu tunawaona maharusi wenye uso wa rangi moja, na shingo na mikono ya rangi nyingine. Aliyewapamba kwa poda hiyo alisikia ikisifiwa, ila hakuuliza ilisifiwa juu ya ngozi ya nani.

Sifa inapoleta maradhi

Yote hayo ni mepesi mbele ya mkorogo. Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ya mwaka 2003 iliweka usimamizi wa bidhaa hizi, na tangu mwaka 2019 kazi ya kusimamia vipodozi iko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Zebaki, haidrokwinoni na dawa za jamii ya steroidi zimepigwa marufuku katika vipodozi nchini. Pamoja na hayo krimu za kuchubua ngozi bado zinauzwa, na sifa zake ni zile zile: ngozi inang'aa, madoa yanaondoka, na kila kitu ni cha asili.

Zebaki huharibu figo na mishipa ya fahamu. Haidrokwinoni ikitumiwa kwa muda mrefu huweza kuiacha ngozi na mabaka meusi ya kibuluu yasiyotoka. Steroidi huifanya ngozi kuwa nyembamba hadi ikapasuka kwa jambo dogo. Shirika la Afya Duniani limeeleza kuwa zebaki ya krimu huweza kuwafikia hata watu wa nyumbani wasiojipaka, kwa mvuke na kwa taulo. Kwa hiyo mtoto anayelala kifuani mwa mama yake ana sehemu yake katika kopo hilo, na hakuna aliyemuuliza.

Sisi tunaokula samaki wa ghuba hii tuijue pia habari ya Minamata. Ni mji wa Japani ambako kiwanda kilimwaga zebaki baharini, ikaingia katika samaki, na ugonjwa wake ukatambuliwa mwaka 1956 kwa watoto wasioweza kutembea wala kusema vizuri. Mkataba wa kimataifa wa kupambana na zebaki ulipewa jina la mji huo mwaka 2013. Mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kuwa vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki, hata kwa kiasi kidogo mno, visitengenezwe wala kuuzwa kati ya nchi na nchi baada ya mwaka 2025.

Maswali ya kuuliza

Kwa hiyo dada na binti zetu, mtu akiwasifia kipodozi, muulizeni mambo manne. Umekitumia wewe mwenyewe, na kwa muda gani? Umelipwa, au umepewa bure? Ngozi yako na hali ya hewa ya kwako zinafanana na zangu? Ndani yake mna nini? Asiyeweza kujibu la nne asisikilizwe, hata kama mengine ameyajibu vizuri.

Someni lebo. Kopo lisilo na lebo, au lililokorogwa dukani, liacheni. Mkiona alama ya Hg au neno calomel, hiyo ni zebaki. Mkiona onyo la kutogusisha krimu na dhahabu, fedha au vito, hiyo pia ni dalili ya zebaki, kwani zebaki huharibu madini hayo. Kitu kinachokatazwa kugusa pete kinawezaje kuruhusiwa kugusa shavu?

Na wauzaji wa soko letu wakumbuke mwenye rundo la nafaka ambaye Mtume (S.A.W.) alitia mkono katika bidhaa yake akakuta unyevunyevu ndani. Mtu yule alitoa udhuru wa mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuiweka nafaka iliyolowa juu ili watu waione, na akajitenga na kila mwenye kughushi. Muuzaji wa vipodozi aweke juu kilicho chini.

Hatuwezi kumaliza bila kuwataja wanaume. Binti hajichubui kwa sababu ya tangazo peke yake. Amesikia weupe ukisifiwa barazani, amesikia mposaji akiulizia rangi kabla ya kuulizia dini na tabia, na pengine amemsikia mumewe akimlinganisha na mwingine. Hizo nazo ni sifa za bidhaa, na wanaozitoa hawalipwi hata senti. Baba anayemwambia binti yake mweusi kuwa ni mzuri, na akasema hivyo mbele ya wenzake, amemkinga kuliko marufuku nyingi.

Ama wale waliotuuliza kati ya urembo mwepesi na mzito, jibu letu ni hili: mbele ya wanaoruhusiwa kuuona, chagueni mnachokipenda, maadamu hakidhuru mwili na hakimhadai mtu. Na mkiulizwa na wenzenu kuhusu mlichokichagua, semeni mnachokijua, na mnyamaze kwa msichokijua.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu azipambe nyoyo zetu kwa ukweli kama alivyozipamba nyuso zetu kwa umbile lake, awaponye waliodhurika, na azijaalie harusi zetu ziwe za heri na baraka. Amin.

Wabillahi tawfiq.